Vita vya 1812: kabla ya habari iliyochelewa, kulikuwa na ahadi iliyokanwa

Tarehe 16 Juni 1812 Lord Castlereagh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama Bungeni mjini London akatangaza kwamba serikali itaziondoa amri zilizokuwa zikiwabana wafanyabiashara wa Marekani baharini. Siku mbili baadaye, ng'ambo ya Atlantiki, Rais James Madison alitia saini tangazo la vita dhidi ya Uingereza, na kati ya malalamiko yake makubwa zilikuwamo amri zile zile. Zikafutwa rasmi tarehe 23 Juni. Washington walikuja kujua mwezi Agosti, damu ikiwa imekwisha kumwagika.

Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila mara husimuliwa kwa namna moja: laiti kungekuwa na simu ya upepo, laiti meli ingepata upepo mzuri, vita visingekuwapo. Ni hadithi inayoshika moyo, na mimi mwenyewe niliisimulia hivyo kwa miaka. Ila kadiri nilivyozidi kuzipanga tarehe, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba inawaachilia wahusika kirahisi mno. Inaitwika bahari lawama ya watu. Nakubali kabisa kwamba vita vya 1812 vingeweza kuepukwa. Ninachokataa ni kwamba nafasi hiyo ilipotea Juni 1812. Nafasi nzuri kuliko zote ilipatikana Aprili 1809, ikashikwa mkononi kwa wiki kadhaa, kisha ikatupwa na waziri mmoja aliyekuwa London.

Ugomvi wenyewe

Tangu 1803 Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani tena. Napoleon alikuwa bwana wa nchi kavu, Uingereza bwana wa bahari, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfikia mwenzake, kila mmoja akaamua kumkaba mwingine kwa njia ya biashara. Novemba 1806 Napoleon alitoa amri mjini Berlin kupiga marufuku biashara yote na Uingereza. Novemba 1807 Uingereza ikajibu kwa Amri za Baraza la Mfalme: meli ya nchi isiyo vitani ikitaka kwenda bandari zilizo chini ya Napoleon, sharti kwanza ipitie bandari ya Uingereza, ilipe ushuru na kuchukua kibali. Mwezi uliofuata, akiwa Milan, Napoleon akatangaza kwamba meli yoyote itakayotii Waingereza itahesabiwa kuwa ya Waingereza na kutekwa. Mwenye meli wa Boston au Baltimore akabaki katikati. Akimtii huyu, anatekwa na yule.

Lakini jambo lililowauma Wamarekani wa kawaida halikuwa ushuru, lilikuwa watu. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na njaa ya mabaharia isiyoshiba. Kazi ilikuwa ngumu, mshahara mdogo, viboko vingi, na meli za biashara za Marekani zililipa vizuri zaidi, basi mabaharia wa Kiingereza walitoroka kwa wingi kwenda kuzitumikia. Manowari za Uingereza zikawa zinazisimamisha meli za Marekani katikati ya bahari, ofisa anapanda, anawapanga mabaharia mstari mmoja sitahani na kuchagua anaodai kuwa ni raia wa mfalme wake. Kwa sheria ya Uingereza, aliyezaliwa raia wa mfalme hufa raia wa mfalme, hata akichukua uraia wa nchi nyingine.

Tangu 1796 Marekani ilikuwa ikiwapa mabaharia wake vyeti vya kuwakinga. Cheti kilieleza umri wa mtu, urefu wake kwa futi na inchi, rangi ya ngozi, na alama za mwilini kama kovu au chale. Mabaharia weusi huru walivithamini vyeti hivi kwa namna ya pekee, kwa sababu katika nchi ile ile iliyowanunua na kuwauza wenzao, hiyo ilikuwa karatasi ya serikali inayomtaja mtu mweusi kuwa raia. Ofisa wa Kiingereza hakuijali sana. Vyeti vya kughushi vilikuwa vingi, na yeye alikuwa na pengo la kuziba melini kwake. Makisio ya kawaida ni kwamba kufikia 1812 Wamarekani waliokwisha kuchukuliwa hivyo walikuwa 6,000 au zaidi.

Tarehe 22 Juni 1807 jambo hilo lilifika pabaya. Manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake, iliyoongozwa na James Barron, ilikuwa imetoka tu pwani ya Virginia kuelekea Mediterania, sitaha yake imejaa mizigo na mizinga haijaandaliwa. Manowari ya Uingereza, Leopard, ikaisogelea na kudai kuwapekua watoro. Barron akakataa. Leopard ikafyatua mizinga yake yote ya upande mmoja, ikarudia. Wamarekani waliweza kujibu kwa mzinga mmoja tu, ambao luteni mmoja aliuwasha kwa kaa la moto lililotolewa jikoni, kisha wakashusha bendera. Watu 3 walikufa papo hapo na 18 wakajeruhiwa. Waingereza walichukua watu wanne. Mmoja wao, Mwingereza kweli, walimnyonga Halifax, bandari ya koloni lao la Nova Scotia. Watatu waliobaki walikuwa Wamarekani.

Nchi ilichemka. Rais wa wakati huo, Thomas Jefferson, angepata vita siku ile ile kama angeviomba. Hakuviomba, na namheshimu kwa hilo. Alichofanya badala yake kilikuwa kibaya kwa namna nyingine: Desemba 1807 alipitisha sheria ya kuzizuia meli za Marekani kwenda nchi yoyote ya nje, akiamini Ulaya ingeona njaa na kusalimu amri. Mauzo ya Marekani nje yalishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Ulaya haikusalimu. Bandari za New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, ndizo zilizolala.

Aprili 1809

Madison aliapishwa tarehe 4 Machi 1809. Siku tatu kabla ya hapo sheria ya Jefferson ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine iliyo nyepesi kidogo: biashara itafungwa kwa Uingereza na Ufaransa tu, na ikiwa mmoja wao ataacha kuzisumbua meli za Marekani, Rais ataifungua kwake.

Mjumbe wa Uingereza mjini Washington alikuwa David Erskine, kijana wa miaka thelathini na ushei, aliyeoa Mmarekani wa Philadelphia na aliyewaelewa wenyeji wake kuliko wakubwa wake walivyotaka. Waziri wake, George Canning, alikuwa amemwandikia maagizo mwezi Januari. Amri za Baraza zitaondolewa kwa Marekani kwa masharti matatu. La kwanza, Marekani iondoe vikwazo kwa Uingereza na ivibakize kwa Ufaransa. La pili, ikubali kutofanya biashara na makoloni ya adui ambayo wakati wa amani ilikuwa imekatazwa kufanya. La tatu, iridhie kwamba manowari za Uingereza zitakamata meli za Marekani zitakazovunja sheria ya Marekani yenyewe dhidi ya Ufaransa.

Lisome tena hilo la tatu. Ni sawa na jirani kukuambia: nitakusamehe, ila uniandikie ruhusa ya kuwachapa wanao wanapokukosea wewe. Hakuna serikali ya watu huru ingetia saini kitu hicho, na Erskine aliliona mara moja. Canning alikuwa amemruhusu kuwaonyesha Wamarekani barua nzima. Hakuwaonyesha. Aliwaeleza kwa mdomo, akapata la kwanza, akaridhika kwamba la tatu lingetimia lenyewe kwa vitendo hata lisipoandikwa, akaamua kwamba lengo la serikali yake ni kupata suluhu. Kati ya tarehe 17 na 19 Aprili alibadilishana barua na waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Robert Smith. Uingereza italipa fidia kwa tukio la Chesapeake na kuwarudisha watu waliochukuliwa. Amri za Baraza zitaondolewa kwa Marekani kuanzia tarehe 10 Juni. Siku hiyo hiyo Marekani itaifungulia Uingereza biashara.

Madison alitoa tangazo mara moja. Hata wapinzani wake, chama cha Federalist, walimsifu. Bandarini matanga yakashonwa, mapipa yakapakiwa, na ilipofika tarehe 10 Juni meli zipatazo 600 ziling'oa nanga. Ukitaka kujua amani inavyoonekana kwa macho, ni hiyo: meli 600 zilizooza miezi na miezi gatini zinatoka kwa pamoja, na wake wa mabaharia wamesimama ufukweni wakijua kwamba safari hii angalau hakuna atakayewazuia waume zao njiani kwa sababu ya ushuru.

Angalia pia kilichokosekana katika makubaliano hayo. Hapakuwa na neno kuhusu kukamatwa kwa mabaharia. Madison alilijua hilo tatizo kuliko mtu yeyote, alikuwa ameshughulika nalo miaka minane akiwa waziri wa mambo ya nje wa Jefferson. Aliliacha pembeni kwa mazungumzo ya baadaye, akakubali. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

Canning alipoyapata makubaliano mwezi Mei aliyakana. Alisema Erskine amevunja maagizo, na hapo alisema kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomchoma. Katika moja ya zile barua za Aprili, Smith, kwa maneno yaliyotoka kwa Madison, aliandika kwamba Rais anaamini kumwadhibu zaidi admirali aliyeamuru shambulio la Chesapeake ndiko kungelingana na heshima ya Mfalme wa Uingereza mwenyewe. Kumfundisha mfalme heshima yake! Mfalme George III alichukia, Canning alichukia, na Erskine aliyeipokea barua hiyo na kuituma bila kulalamika akaitwa nyumbani. Najiuliza mara kwa mara ni nini kingetokea kama Madison angelikata sentensi ile moja. Haikumpa kitu. Ilikuwa ni kuridhisha nafsi tu, na nafsi ya mtu mzima anayeongoza nchi ingeweza kuvumilia.

Hata hivyo mzigo mkubwa naona ni wa Canning. Mbele yake palikuwa na suluhu iliyokwisha kutangazwa, ambayo Marekani imeitekeleza kwa nia njema na ambayo ilimpa soko na adui mmoja pungufu. Angeweza kumkemea mjumbe wake na papo hapo kuyakubali aliyoyapata, halafu akayatafuta yaliyobaki polepole. Alikataa. Na miaka mitatu baadaye serikali ya chama chake iliziondoa amri zile zile bila kupata sharti la pili wala la tatu. Walichokataa kukipokea kwa mkono wa heri mwaka 1809, walikuja kukitoa wenyewe mwaka 1812, kikiwa hakina tena thamani.

Habari ilifika Marekani mwezi Julai. Madison, aliyekuwa shambani kwake Virginia, alirudi Washington kwenye joto la kiangazi, na tarehe 9 Agosti akafunga tena biashara. Uingereza iliziruhusu meli zilizokwisha kutoka ziendelee salama, na hilo lilikuwa la haki. Lakini ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa limekanwa mbele ya watu.

Kuanzia hapo kila kitu kinachofuata kina ladha ya uchungu huo. Mjumbe aliyekuja baada ya Erskine, Francis James Jackson, alimwambia Madison karibu wazi kwamba alijua tangu mwanzo Erskine hakuwa na mamlaka, yaani alimwita mwongo, na Novemba 1809 Madison akakataa kuendelea kuzungumza naye. Mapema 1811 mjumbe wa Marekani mjini London, William Pinkney, aliondoka akiwa amechoka, akabaki kaimu tu. Katika mwaka ambao nchi hizi mbili zilihitaji kuliko wakati wowote mtu wa kuaminika kwenye mji mkuu wa mwenzake, Marekani haikuwa na mjumbe kamili London. Napoleon naye alimtupia Madison barua ya ujanja mwaka 1810 iliyodai Ufaransa imeondoa amri zake. Haikuwa kweli, meli ziliendelea kutekwa, lakini Madison aliishikilia. Mtu aliyekwisha kukanwa na mmoja huwa mwepesi kumwamini adui wa huyo mmoja.

Kura tatu

Sasa turudi 1812, maana siwezi kusema habari iliyochelewa haikuwa na uzito wowote. Ilikuwa nao.

Uingereza wakati wa baridi ya 1811 na 1812 ilikuwa na hali mbaya. Mkate ulikuwa ghali, viwanda vilikosa soko la Marekani, na vibarua wa nguo katika baadhi ya maeneo walikuwa wakivunja mashine usiku. Wenye viwanda wa miji kama Birmingham walimiminika Bungeni kutoa ushahidi dhidi ya Amri za Baraza, wakiongozwa na mwanasheria Henry Brougham. Mtetezi mkuu wa amri hizo alikuwa waziri mkuu mwenyewe, Spencer Perceval. Jioni ya tarehe 11 Mei alikuwa anaingia Bungeni, ndani wakiendelea na shughuli hiyo hiyo, mtu mmoja aliyekuwa na kisasi chake cha biashara akampiga risasi ukumbini. Nchi ikakaa wiki kadhaa bila serikali imara hadi Lord Liverpool aliposhika tarehe 8 Juni. Chini ya serikali yake amri zikaondolewa.

Washington nako Spika wa Baraza la Wawakilishi alikuwa Henry Clay wa Kentucky, akizungukwa na vijana wa kusini na magharibi waliochoka kuisikia nchi yao ikidharauliwa. Baadhi yao waliitaka Kanada, iliyokuwa koloni la Uingereza. Wengi walikuwa na jambo jingine moyoni: ardhi ya wenyeji wa asili. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule wa 1809, gavana William Henry Harrison alikuwa amewasainisha baadhi ya machifu mkataba huko Fort Wayne uliochukua ekari karibu milioni 3, na Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, moja ya mataifa hayo ya wenyeji, akasema ardhi ni ya mataifa yote kwa pamoja, hakuna chifu mwenye haki ya kuiuza. Novemba 1811 Harrison alikiteketeza kijiji cha Tecumseh na ndugu yake karibu na mto Tippecanoe, Tecumseh akiwa safarini kusini. Watu wa magharibi wakasema silaha za wenyeji zinatoka kwa Waingereza wa Kanada. Kwao vita na Uingereza na vita na Tecumseh vilikuwa kitu kimoja.

Tarehe 4 Juni Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 79 kwa 49 kuunga mkono vita. Seneti ilijadiliana karibu wiki mbili zaidi, na tarehe 17 Juni ikapiga 19 kwa 13. Hakuna Federalist hata mmoja aliyeunga mkono. Sasa hesabu ya Seneti itazame kwa makini. Maseneta watatu tu wangehama, kura zingekuwa 16 kwa 16. Kura zikilingana, mwenye kuamua ni Makamu wa Rais, naye George Clinton alikuwa amefariki mwezi Aprili, kiti kikiwa wazi. Kura zikilingana pasipo wa kuzivunja, hoja inaanguka. Kwa hiyo amani ya mabara mawili ilining'inia kwa watu watatu. Kama London wangefanya uamuzi wao mwezi mmoja na nusu mapema, meli ikapata upepo wa wastani, ninaamini watatu wangepatikana.

Ila ukishasema hivyo lazima ukubali kwamba kuchelewa huko hakukuwa kwa meli. Ushahidi wa wenye viwanda wa mwaka 1812 ulikuwa ule ule ambao wangeutoa 1811 kama wangesikilizwa. Mjumbe wa Uingereza aliyekuwapo Washington, Augustus Foster, hakupewa neno la kuwapoza Wamarekani, aliendelea kusisitiza kwamba amri haziondoki. Bunge la Marekani lilikuwa linajadili vita waziwazi tangu Novemba. Mwenye kutaka kujua alijua.

Agosti, baada ya risasi za kwanza

Kuna kipimo kizuri cha ile hadithi ya habari iliyochelewa. Ilipofika, ilifanya nini?

Gavana wa Kanada, Sir George Prevost, alipata habari ya kufutwa kwa amri, akamtuma ofisa wake karibu na Albany kwa jenerali wa Marekani Henry Dearborn. Hoja yake ilikuwa rahisi: sababu ya vita imeondoka, tusimamishe mapigano serikali zetu zizungumze. Dearborn alikubali, tarehe 9 Agosti wakaafikiana. Hapo palikuwa na majenerali wawili waliokuwa tayari kuacha. Madison aliyakataa makubaliano hayo. Alitaka kwanza Uingereza ikubali kuacha kukamata mabaharia, na Castlereagh akamjibu kaimu wa Marekani mjini London kwamba hilo haliwezekani.

Wapo wanaosema hapa ndipo inapothibitika kwamba vita visingeepukika, kwa kuwa kiini kilikuwa mabaharia na si amri. Ninaisoma tofauti. Madison huyu anayekataa Agosti 1812 ndiye aliyekubali Aprili 1809, na suala la mabaharia lilikuwa lile lile, halikuongezeka uzito. Kilichobadilika ni kwamba sasa vita vimeanza. Kabla ya vita unaweza kuchukua nusu ya haki yako na kuiita ushindi. Vikishaanza, nusu inaonekana kama usaliti, maana kuna watu wamekufa na kuna wengine wamekwisha kuahidiwa Kanada. Jefferson, akiwa amestaafu, aliandika Agosti hiyo hiyo kwamba kuichukua Kanada hadi karibu na Quebec itakuwa kazi ya kutembea tu. Kabla mwezi haujaisha, Jenerali William Hull alikuwa ameisalimisha Detroit pamoja na jeshi lake lote.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 24 Desemba 1814, wajumbe walitia saini amani mjini Ghent. Kwa upande wa Marekani walikuwapo John Quincy Adams, Albert Gallatin, na Henry Clay yule yule aliyeipigania vita Bungeni. Mkataba ulirudisha mipaka ilivyokuwa kabla ya vita. Kuhusu kukamatwa kwa mabaharia haukuwa na neno. Kuhusu haki za meli za nchi zisizo vitani, haukuwa na neno. Napoleon alikuwa ameangushwa, manowari za Uingereza zilikuwa zinapunguza watu, na tatizo likaisha lenyewe. Kilichotiwa saini Ghent kilikuwa pungufu ya kile Erskine alichokitoa bure. Na kabla habari ya mkataba haijavuka bahari, tarehe 8 Januari 1815, Waingereza wapatao 2,000 waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa nje ya New Orleans kwa muda mfupi wa asubuhi moja, wakipigania ugomvi uliokwisha malizwa.

Wamarekani waliouawa vitani walihesabiwa kuwa 2,260. Ukiongeza waliokufa kwa magonjwa kambini, makisio hufika 15,000. Mji wa Washington ulichomwa moto Agosti 1814. Lakini walioshindwa kwa hakika hawakuwa Wamarekani wala Waingereza. Tecumseh aliuawa Oktoba 1813 kwenye mto Thames huko Kanada. Wacreek, taifa jingine la wenyeji huko kusini, walilazimishwa Agosti 1814 kutoa ekari zaidi ya milioni 20. Ibara ya tisa ya mkataba wa Ghent iliahidi kuwarudishia wenyeji ardhi na haki walizokuwa nazo mwaka 1811, na Marekani haikuitimiza.

Na kuna upande mwingine ambao sina haki ya kuuficha. Aprili 1814 admirali wa Uingereza Alexander Cochrane alitangaza kwamba yeyote atakayezifikia meli zake atapokelewa. Watumwa wapatao 4,000 wa Virginia, Maryland na majimbo mengine walikimbia na watoto wao usiku, kwa mitumbwi, wakapata uhuru. Baadhi ya wanaume walivaa sare nyekundu na kurudi kupigana kwenye mashamba waliyotoroka. Wengine walipewa ardhi Trinidad, ambako wajukuu wao huitwa Merikin hadi leo. Kila ninapoandika neno "kuepukwa", nawafikiria hao. Kama Canning angekubali, wao wangebaki kwenye tumbaku ya bwana. Sioni njia ya kulifanya hilo lilingane na mengine, na sitajaribu.

Jina hilo la Merikin humkumbusha msomaji wa pwani yetu kitambaa cha merikani, na uhusiano upo, ingawa ni wa mbali. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilipata nafasi ya kukua wakati bidhaa za Uingereza zilipozuiwa na sheria za Jefferson kisha na vita. Katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts huko New England, majimbo yaliyoipinga vita kwa nguvu zote, walikuja Zanzibar na pamba hiyo, na mwaka 1833 Sayyid Said akafanya mkataba wa biashara na Marekani. Karani wa Salem aliyepima jora kwa mkono sokoni Zanzibar alikuwa anauza, bila kujua, mabaki ya ugomvi huu.

Tukio la Chesapeake lenyewe lilimalizwa Novemba 1811. Foster aliipa serikali ya Madison fidia na ahadi ya kuwarudisha watu waliochukuliwa, mambo ambayo Erskine alikuwa ameyaahidi miaka miwili na nusu kabla yake. Kati ya wale Wamarekani watatu, mmoja alikuwa amekwisha kufa mikononi mwa Waingereza huko Halifax. Wawili waliobaki waliletwa na meli ya Uingereza iliyoinua bendera ya amani, ikaingia bandari ya Boston mwezi Julai 1812. Waliwapandisha kwenye sitaha ile ile ya Chesapeake walikochukuliwa miaka mitano nyuma. Vita vilikuwa havijatimiza mwezi.